Hoja Tatu za Kumpelekea Guka

Wakio mwanangu, mama yangu,

Nakusalimu. Nakusalimu tena. Nauliza kama viatu vipya vimekutosha, kama mafua yameisha, kama huko mjini mmenyeshewa. Mimi ni mzima kwa kadiri kifua changu kinavyoniruhusu. Huku kwenye laini, vyumba hivi vya kampuni, jirani wote wazima, isipokuwa kuku wa mama Njoki ambaye ameingia tena nyumbani kwetu na nimemfukuza kwa kofia. Mlima haujaonekana leo tangu asubuhi. Mwalimu wangu wa Kiingereza angeyakata maneno haya yote kwa kalamu nyekundu. Ndiyo maana nimeyaandika.

Wewe na mama yako bado mko Nyeri kununua sanduku lako la chuo. Mimi nimepewa zamu ya kulinda mashine ya kuponda mawe, na mtakaporudi nitakuwa nimeshaondoka. Barua nitaiacha chini ya birika, maana najua kitu cha kwanza utakachogusa ni chai. Zamu hii sikuiomba. Sikuikataa pia. Tangu tuliporushiana maneno juzi, sijui ningesimama vipi pale mlangoni kesho ukifunga mzigo.

Habari za sweta, za sabuni, za kutotembea ovyo Nairobi, mama yako amekwambia na atakwambia tena. Mimi sina la kuongeza. Nairobi naijua kidogo kuliko wewe.

Kwa kuwa umezoea kukuta hoja kwenye mstari wa kwanza, nakuwekea yangu hapa, ingawa imechelewa: kesho ukipitia Tetu kumuaga guka yako, baba wa mama yako, usimwambie zile hoja zako tatu.

Haya, umeisoma. Najua sasa umekunja uso, unasema, baba ameanza tena. Unaona jinsi neno likitangulia peke yake linavyokuwa kama jiwe lililotupwa dirishani? Nililolisema ni kweli, lakini limekukasirisha, kwa sababu halikukuja na mtu. Sasa niache nizunguke.

Nilipokuja huku kutoka Taita nilikuwa kijana mwenye mikono mikubwa na darasa la nne. Nilidhani nitakata mawe miaka miwili, ninunue ng'ombe, nirudi. Nikamwona mama yako akiuza viazi sokoni, sikurudi. Ndugu zangu waligawana mashamba ya kwetu wakijua mimi nimepotea, na walikuwa sahihi. Mama yangu alizikwa mimi niko hapa na tindo mkononi. Ndiyo maana ulipozaliwa ukapewa jina lake. Watu wa Tetu walisema ni desturi yao, msichana wa kwanza ni wa mama wa mume. Mimi nilisema ni deni. Kwa hiyo nikikuita mama, ni yeye namwita, na wewe ndiye unaitika.

Uhuru ulipokuja tuliambiwa kazi za ukarani sasa ni zetu. Pale machimboni karani alikuwa anakaa kwenye kibanda chenye dirisha la kioo, anaandika lori ngapi zimetoka, na kila Jumamosi anaandika ripoti ya Kiingereza kwa wakubwa. Hakuwa na vumbi kwenye nyusi. Nikautamani ule mkono wake mkavu. Nikasikia kuna darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa mjini, nikajiandikisha pamoja na mpishi wa hoteli, askari jela wawili, na mzee mmoja mfagiaji wa hospitali ambaye alikuwa anasinzia tangu sala ya kufungua.

Mwalimu wetu alikuwa Bwana Gathogo, kijana mwembamba mwenye tai moja. Alitufundisha sarufi kama mtu anayefundisha kupanga mawe. Kwanza mtenda, halafu kitendo, halafu kinachotendwa. Usivuruge. Ukianza na jana, kaa jana mpaka nukta; usiruke kwenda kesho bila kutuaga. Sentensi isiyo na kitenzi ni lori lisilo na injini, hata ukiipaka rangi haitembei. Nilipenda mambo haya. Nilikuwa nayasema kimoyomoyo nikipiga nyundo.

Kitu kilichonishinda ni yale maneno mawili madogo, "a" na "the". Sisi hatuna. Bwana Gathogo alisema "the" ni kitu ambacho wote mnakijua tayari, na "a" ni kimoja tu chochote, ambacho hakuna anayekijua. Askari jela mmoja akamuuliza, sasa mwalimu, wewe ni "a" au ni "the"? Tukacheka mpaka mzee mfagiaji akaamka. Lakini njiani nikirudi nililifikiria swali lile. Nimeoa kwao, nimezaa kwao, nimezika mtoto wao mmoja kabla yako, na mpaka leo kwa wajomba zako mimi ni "a". Mtaita mmoja tu.

Halafu zikaja insha. Akatuambia tuandike kuhusu kwetu. Mimi nikaandika kama ninavyojua kuandika: nikamsalimu msomaji, nikamuuliza habari za watoto wake, nikaeleza njia ya kupanda milima mpaka kwetu, nani ana boma kona gani, nani alikufa, ndipo nikafika nyumbani. Karatasi ilirudi nusu ya kwanza yote imekatwa kwa wino mwekundu, mstari mmoja mnene kama kamba. Pembeni ameandika, hoja iko wapi?

Nikamwuliza baada ya darasa kosa ni nini, maana sarufi yangu niliiangalia sana. Akasema sarufi si mbaya. Akasema, "Mwingereza hangojei, bwana. Sentensi ya kwanza ya aya ibebe mzigo wote. Mwambie unataka nini, halafu mpe sababu. Moja, mbili, tatu. Halafu funga mlango, nenda."

Wakio, mimi niliyashika maneno yale kama mtu aliyepewa ufunguo. Niliona kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikizunguka nje ya nyumba za watu kwa sababu hakuna aliyenionyesha mlango. Insha iliyofuata nikaandika vile alivyosema. Ilikuwa juu ya faida za barabara. Hoja kwanza, sababu tatu, mlango. Bwana Gathogo aliisoma mbele ya wote. Mzee mfagiaji alinipa mkono. Nilirudi kwenye laini nikitembea katikati ya barabara.

Na wiki ile ile ndiyo guka yako alituma niitwe Tetu.

Habari hii unaijua kwa upande wa mjomba Kariuki. Najua walikuwa wanakutania nayo mkienda kule likizo, mtoto wa Bwana Pointi. Mimi mwenyewe Kariuki akinikuta sokoni mpaka leo ananiuliza, "Bwana Pointi, ati leo uko na ngapi?" Anacheka na watu wanacheka. Kariuki anasimulia vizuri. Lakini yeye hakuwepo pale, alisikia, na hakuna aliyemwambia yote.

Guka yako alikuwa ameshamwambia mama yako, kwa sauti ya chini, kwamba kile kipande cha chini karibu na mto kingeweza kuwa mahali pa kuweka nyumba. Kingeweza. Hakusema zaidi. Kwao binti akiolewa hapewi shamba, ameshaenda. Lakini mimi sikuwa na mahali pa kumpeleka, na mzee aliliona hilo. Basi nilipoitwa nilijua ni habari ya kipande kile. Nilivaa koti. Njiani nilipanga maneno yangu kwa Kikuyu, maana Kikuyu changu kilikuwa bado kinachechemea, nikayapanga kama insha ya barabara.

Nilikuta wazee wawili wengine wamekaa naye uani, mzee Ndirangu na mwingine ambaye sasa ni marehemu. Nikafikiri, vizuri, leo kuna wasikilizaji. Nikapewa kigoda. Guka yako akaniuliza mvua ya machimboni. Nikajibu. Akaniuliza kama mawe ya mwaka huu ni magumu kuliko ya mwaka jana. Nikajibu kwa neno moja. Mzee Ndirangu akaanza habari ndefu ya ng'ombe wake mwenye kwato bovu, na jinsi alivyompaka majani. Nikawa nawaangalia nikijisemea, hawa ndio watu ambao wangekatwa nusu ukurasa.

Ndirangu alipovuta pumzi, mimi nikasimama. Nikasema, "Baba, nimekuja kwa ajili ya kipande cha karibu na mto. Niko na sababu tatu."

Nikazitoa. Ya kwanza, kwamba mbuzi na ng'ombe wa mahari nilimaliza. Ya pili, kwamba mke wangu hawezi kulea mtoto kwenye chumba kimoja cha kampuni. Ya tatu, kwamba kipande chenyewe hakitumiki. Sikukosea hata neno. Nikafunga mlango, nikakaa.

Yule mzee ambaye sasa ni marehemu akacheka kidogo kwa pua, akasema, "Mtaita amesoma." Guka yako alikuwa anaangalia fimbo yake.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi tumekusikia."

Halafu akamgeukia Ndirangu na kumwuliza, hayo majani ulimpaka asubuhi ama jioni? Wakaendelea na kwato mpaka uji ukaja. Nilikunywa uji wangu nikiamini nimefanya vizuri. Nikaaga. Nilipopita nyuma ya ghala kufuata njia, kulikuwa na mbuzi dume mweupe amefungwa kwa kamba fupi, hana majani mbele yake, analia. Nikampita.

Baada ya hapo sikuitwa tena. Mwezi ukapita, na mwingine. Kisha tukasikia kipande kimeunganishwa na cha Kariuki. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hapana, na hilo ndilo liliniuma. Nilimlaumu guka yako kwamba ni mchoyo, nikamlaumu Kariuki kwamba alimnong'oneza, nikawalaumu Wakikuyu wote kwa jumla, na mama yako ananisikiliza huku anachagua maharagwe. Na kazi ya karani, ambayo ndiyo ilinipeleka darasani, akapewa mpwa wa nyapara aliyekuwa hajui kuandika majina ya siku za wiki. Nikaacha darasa. Bwana Gathogo alituma mtu kuniulizia mara moja.

Wewe ukakulia kwenye laini, kwenye chumba hiki. Nilikutazama ukijifunza Kiingereza kwa mwanga wa taa ya mafuta na nikafurahi na nikaogopa. Ulikuwa mdogo sana uliponisahihisha mara ya kwanza. Nilisema neno la jana kwa kitenzi cha leo, na wewe ukalirudia sawasawa bila kunitazama, ukaendelea kula. Nilijivunia mpaka nikakosa hamu ya kula.

Mwaka jana, kabla cucu yako, mke wa guka, hajafariki, nilikutana naye Nyeri, amekaa nje ya duka la mbegu akimngoja mtu wa kumpeleka nyumbani. Alikuwa hasikii vizuri lakini macho yake yalikuwa yale yale. Nikamsalimu, nikakaa naye chini. Tukaongea habari ya miguu yake. Tukaongea habari ya viazi. Nilikuwa nimechoka na sikuwa na haraka, na nadhani ndiyo maana aliniambia.

"Wewe Mtaita," akasema, "siku ile hukumwona mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Nyuma ya ghala."

"Nilimwona."

"Ulidhani ni wa nini?"

"Nilidhani ni mbuzi, mama."

Akacheka mpaka akajishika mbavu, na machozi yakamtoka, na sijui yalikuwa ya kucheka tu au la. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Mbuzi alikuwa wangu. Wale wazee wawili waliitwa kuwa mashahidi. Ningekaa tu. Uji ungekuja, na baada ya uji Ndirangu angemaliza ng'ombe wake na kuanza habari ya ndege aliyetaga kwenye mti wa mwingine. Guka yako angesema, kwani mti wangu unamnyima ndege? Mbuzi angechinjwa, nyama ingeliwa, na kipande cha mto kingekuwa cha mama yako bila mtu yeyote kukitaja kwa jina. Yote yalikuwa yamepangwa. Lakini mimi niliposimama na kudai, mzee akafungwa mikono. Angetoa vipi kitu alichoamriwa na mkwe mbele ya wenzake? Wangesema ametoa kwa kuogopa, au kwa kushindwa maneno. Cucu ndiye aliyemfungua mbuzi yule jioni. Alisema mbuzi alikuwa amekula kamba nusu.

Sikumwambia mama yako. Nadhani anajua. Nadhani alijua wakati wote ule akichagua maharagwe.

Sasa tumefika kwa sasa. Ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi umeisoma wewe mwenyewe, ukanitafsiria ingawa nilikuwa nimeielewa. "It has been decided." Imeamuliwa kwamba wenye vifua vibovu watapumzishwa na vyumba vyao vitolewe mwisho wa mwezi. Bwana Gathogo alitufundisha sentensi za namna hiyo siku moja ya mvua, akasema ndizo za wasomi, ndizo za ripoti, mtenda anaondolewa ili maandishi yawe na heshima. Huko chuoni watakutaka uandike hivyo. Andika, upate alama zako. Lakini kila ukiandika, jiulize mtenda amejificha wapi, maana mara nyingi amejificha kwenye nyumba yenye dirisha la kioo. Mimi naweza kulala popote; nimelala kwenye mawe maisha yangu yote. Mama yako hawezi. Hana pa kwenda isipokuwa kwa baba yake, na kwa baba yake haendi bila kuitwa.

Juzi ulisimama hapa katikati ya chumba, mrefu, ukasema, "Baba, mimi nitamwambia guka ukweli bila kuzunguka." Ukazisema. Kwamba mama ni mtoto wake kama Kariuki, na serikali ya sasa haimkatazi binti. Kwamba ahadi ilisikiwa, na mzee Ndirangu bado yuko hai. Kwamba kipande kile hakina hata mti mmoja wa kahawa, ni nyasi ya ng'ombe tu. Nikakufokea. Nilikwambia unaongea kama karatasi. Uliniambia angalau karatasi inasema kitu. Halafu mama yako akasema chakula kiko tayari.

Hoja zako ni nzuri, Wakio. Ni bora kuliko zangu, na Kikuyu chako hakichechemei. Nilifoka kwa sababu nilijiona mimi na lile koti. Sikufokea Kiingereza chako. Kiandike kwa nguvu zako zote huko uendako. Tia mzigo kwenye sentensi ya kwanza, usichanganye jana na leo, kila aya iwe na jambo moja, na ukiweka sababu ziwe za kweli hata kama si tatu. Nani alisema lazima ziwe tatu? Watu watakaokusoma huko hawakujui, hawatakupa uji, kwa hiyo ni haki wajue mara moja unataka nini. Lakini guka yako anakujua. Alikushika ukiwa na siku chache. Mtu anayekujua ukimpa hoja kabla ya kumpa muda, umemwambia yeye ni mgeni.

Na sitakudanganya kwamba kukaa kimya kunalipa. Mama yako amekaa kimya muda wote huu na angalia alipo. Mimi nimewachoka wote, wanaokata nusu ukurasa na wanaongoja ndege atage. Kati yao nimevunjika kifua. Kama ningekuwa na dunia ya tatu ningekupeleka huko. Sina.

Lile la tatu kwenye hoja zako ndilo limeninyima usingizi. Ni kweli, Kariuki hajapanda kahawa pale. Nimelifikiri. Kariuki ni mtu wa kupanda kahawa hata kwenye kaburi. Kama hajapanda, kuna mtu amemkataza. Na sasa mzee, ambaye haoni tena vizuri, ametuma neno mara mbili kwamba usipite kwenda Nairobi bila kufika kwake akubariki. Kwa baraka mara moja ingetosha. Na aliyeleta neno la pili alisema mzee Ndirangu naye atakuwepo.

Kwa hiyo nenda mapema, nenda na mama yako, mwambie mimi nimesema aende, ameitwa kupitia kwako. Mpe guka mkono wako aushike mpaka achoke mwenyewe. Akikutemea mate ya baraka kifuani, usijifute. Atakuuliza mvua ya huku. Mwambie yote, hata ya wiki iliyopita. Ndirangu ataanza habari ya ng'ombe. Wewe muulize kwato lilipona vipi.

Na kabla hujaingia uani, pitia nyuma ya ghala. Kama hakuna kitu, basi sema hoja zako zote tatu, kwa sauti, na mimi nitakuwa nyuma yako hata kama nimekaa hapa kwenye mawe. Lakini ukikuta mbuzi amefungwa, mama, ingia polepole, ukae, na unywe uji.

Baba yako,
Mwakio